Shangazi wa Ukurasa wa Nane

Baada ya kulitumikia gazeti letu kwa miaka thelathini na minne, Shangazi wa Maneno atastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kwa wafanyakazi wapya, ambao baadhi yao bado wanaulizia chumba cha chai kiko ghorofa ipi, inafaa kueleza mapema kwamba Shangazi ni mwanamume. Ana masharubu, ana sauti nzito kama kabati linaloburutwa sakafuni, ni mume wa mshonaji hodari na babu wa wajukuu wasiojua kunyamaza. Jina hilo la kike alilipatia kazini, na tutafika huko.

Mimi niliyeombwa kuandika haya nimekuwa jirani yake wa meza tangu nilipohamishiwa hapa kutoka matangazo madogo. Jirani wa meza huyajua mengi. Anajua mwenzake anapiga chafya mara ngapi, anaficha wapi sukari, na anaongea na nani anapodhani hakuna anayemsikia. Shangazi huongea na herufi.

Aliajiriwa kama msoma prufu, yaani mtu wa kusoma kurasa kabla hazijaenda mtamboni na kukamata makosa. Wakubwa walimpenda upesi kwa sababu jicho lake halikuruka kitu. Sisi wengine tukiona mwanzo na mwisho wa neno, akili hujaza katikati na kusonga mbele. Yeye alisoma herufi moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Wengi walidhani ni bidii tu. Siku moja aliniambia kwamba hakuwa na njia nyingine. Alipokuwa mtoto, herufi hazikumtulia machoni. Darasani wenzake walimaliza sentensi naye bado anapigana na neno la kwanza, na mwalimu akaishia kumkalisha pembeni pamoja na mafagio.

Aliyemwokoa ni dada yake mkubwa. Dada alikata maboksi ya sabuni vipande vidogo, akaandika herufi moja kwenye kila kipande, akamkalisha sakafuni jikoni na kumwambia ajenge maneno kwa mkono. Neno likikosewa, lilibomolewa na kujengwa upya. Hivyo ndivyo alivyojifunza kusoma, kwa vidole kwanza, macho yakafuata. Mpaka leo anasema maneno humjia kama kitanda kipya kutoka dukani: vipande vyote vimo, ila kazi ya kuunganisha ni yako.

Safu ya Shangazi wa Maneno ilianzishwa na mama mmoja aliyekuwa mtunza maktaba wetu. Kila Jumamosi, ukurasa wa nane, aliweka herufi zilizovurugwa ndani ya viboksi, na chini yake dokezo fupi. Msomaji alizipanga, akapata neno, akatuletea neno hilo pamoja na maana yake. Yule mama alipohama na mumewe, mhariri mkuu wa wakati huo alimwita msoma prufu wetu na kumwomba aishike safu kwa wiki mbili tu, mpaka apatikane mwanamke wa kuendana na picha iliyo juu ya safu, ya bibi mwenye miwani. Wiki mbili hizo hazijaisha hadi leo.

Wasomaji hawakujua lolote. Waliendelea kuandika “Shangazi mpendwa”, na pamoja na majibu ya fumbo wakaleta maswali yasiyomo katika fumbo: mume anayekoroma, mkwe asiyetoka sebuleni, binti anayetaka kuolewa na mpiga tarumbeta. Shangazi alijibu kila barua. Yaliyomshinda aliyapeleka nyumbani kwa mkewe, na wengi waliosifu busara za Shangazi walikuwa wanamsifu mshonaji bila kujua. Kuna mjane mmoja wa kiume aliyefika mapokezi na shada la maua, amenyoa ndevu, kiatu kinang'aa, akaomba kumwona Shangazi ana kwa ana. Shangazi alishuka. Mgeni aliyatazama masharubu, kisha akasema kwamba maua hayo hata hivyo hayarudishwi dukani. Walikunywa chai pamoja, na mzee huyo akawa mmoja wa wafumbuaji wetu hodari.

Katika kutunga mafumbo hakutumia kalamu. Alikuwa na bati la biskuti lililojaa vipande vya kadibodi, kila kimoja na herufi yake. Alivimwaga mezani, akavichanganya kwa viganja viwili kama wacheza dhumna, kisha akaanza kuvisogeza na kuvitazama. Saa ya chai tulimzunguka. Hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba ukilivuruga neno samaki unaweza kupata masika, kwamba bahari na habari ni herufi zilezile, na kwamba rafiki akipanguliwa anatoa fikira, na akipanguliwa tena anatoa fakiri. Siku aliyogundua kwamba herufi nne zinatoa mali, mila, lima na imla, alisimama akazunguka chumba kizima cha habari akimwonyesha kila mtu, hata mpishi aliyekuwa amekuja kukusanya vikombe.

Swali lake lilikuwa moja sikuzote: kwa nini? Mhariri wa michezo aliamini kuna siri, kwamba wahenga walificha jambo. Shangazi alitikisa kichwa. Alisema lugha ina herufi chache na maneno mengi, kwa hiyo lazima yagongane njiani, kama watu wa nyumba moja wanaopokezana bafu. Alisema hivyo, lakini hakuacha kushangaa. Darasa moja la shule ya msingi lilipewa herufi za neno maana, likajibu kwa pamoja amana. Mwalimu wao aliandika kuomba radhi. Shangazi aliwapa alama zote, kisha akakaa asubuhi nzima akiyaangalia maneno hayo mawili mezani, huku ukurasa wake ukisubiriwa.

Si kwamba mambo yalinyooka siku zote. Kuna Jumamosi alitoa herufi za neno raha, na dokezo likasema: “Kila mtu huitafuta, wachache huipata.” Wasomaji wasio wachache waligundua kwamba herufi hizo hutoa pia hara. Simu zilipigwa kutwa. Daktari mmoja aliandika kwa uzito kabisa kwamba, kwa uzoefu wake, jambo hilo hakuna anayelitafuta na huwapata wengi. Mhariri mkuu aliisoma barua hiyo kikaoni bila kucheka hata kidogo, na hicho ndicho kilichotuvunja mbavu.

Kisha ikaja kompyuta. Fundi wetu alitengeneza programu ya kuvuruga herufi yenyewe ili kumpunguzia Shangazi kazi. Ilikuwa wiki ya uchaguzi. Neno lilikuwa kura, na dokezo lilisomeka: “Wajibu wa kila mwananchi wiki hii.” Programu ilivuruga kwa uaminifu wake wote, na Jumamosi gazeti likatoka na dokezo hilo, na chini yake, ndani ya viboksi vikubwa, R-U-K-A. Watu wa tume ya uchaguzi walipiga simu kabla mhariri mkuu hajamaliza kuvaa viatu. Jumatatu bati la biskuti lilirudi mezani, na fundi wa kompyuta ndiye aliyelileta, amelifuta vumbi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu. Familia inayohusika imeturuhusu kulisimulia, kwa masharti kwamba tulisimulie lilivyokuwa.

Ilikuwa Jumatatu, miaka kadhaa baada ya mkasa wa kura. Mlinzi wa mapokezi alipiga simu juu akisema kuna mama anamtafuta Shangazi na hataki kukaa. Tulishuka wawili, kwa sababu mimi nilikuwa natoka kwenda kula. Mama huyo alikuwa wa makamo, amevaa sweta alilolifunga vifungo upande, kifungo kimoja kimekosa tundu lake. Mkononi alikuwa na bahasha ya dukani ya kuwekea picha. Hakushangaa kukuta Shangazi ana masharubu. Alikuwa na jambo kubwa zaidi ya hilo.

Alieleza kwamba mumewe, dereva mstaafu wa treni, alikuwa amelazwa baada ya kupata kiharusi. Mkono wa kulia umelala, na maneno yamemkimbia: anasikia, anaelewa, ila mdomo hautoi kitu. Kabla ya hapo walikuwa na kawaida yao, kila Jumamosi baada ya chai ya asubuhi, kufumbua ukurasa wa nane pamoja. Mtaalamu wa usemi pale hospitali, dada mmoja mpole, aliposikia hivyo aliwashauri wasiiache kawaida hiyo. Basi yule mama akawa anakata viboksi vya herufi kutoka gazetini na kuviweka kwenye sinia la chakula, na mumewe anavisogeza kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi iliyopita binti yao alikuja. Hapo mama alirudi nyuma, akaanza upya kutoka mbali. Binti huyo alilelewa na bibi yake, mama mzazi wa dereva. Bibi alipofariki, binti alikuwa kazini mbali, na habari ilimfikia maziko yameshapita. Baba hakuamini. Aliamini kwamba mwanawe alijua na akachagua kutokuja, na alimwambia hivyo mbele ya watu wa msiba waliosalia. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Mama ndiye aliyekuwa daraja, akipeleka salamu huku na huku, nyingine akizitunga mwenyewe. Kiharusi kilipomwangusha mzee, binti aliomba ruhusa kazini akapanda basi.

Alisimama miguuni pa kitanda. Baba akamwona. Alihangaika, akaanza kuzisogeza zile herufi za Jumamosi haraka haraka, kiboksi kimoja kikaanguka, mama akakiokota. Alipomaliza, aliugeuza uso ukutani, machozi yanamtoka. Mama akatoa herufi kwenye bahasha na kuzipanga juu ya kaunta ya mapokezi, moja baada ya moja, kama zilivyokuwa kwenye sinia. Zilisomeka KABURI.

Binti alilisoma neno hilo, akachukua mkoba wake, akatoka. Sasa alikuwa katika nyumba ya wageni karibu na stendi, simu ya mama yake haipokei, na basi lake lilikuwa la jioni hiyo.

Mama alitaka kujua kitu kimoja. Gazeti la Jumapili lenye majibu hakuliona. Jibu la Jumamosi lilikuwa nini?

Shangazi alikuwa ameshabadilika rangi. Alisema jibu lilikuwa neno “karibu”. Dokezo lilikuwa: “Huliona mlangoni kabla hujaliona kochi.” Kisha akazigusa zile herufi kwenye kaunta, akasogeza tatu nne, na neno karibu likawa mbele yetu, limetokana na kaburi bila kuongezwa wala kupunguzwa.

Yule mama aliligusa kwa kidole. Kisha akauliza, “Sasa mume wangu alisema lipi?”

Jibu la hilo lilikuwa wodini. Shangazi alipanda juu, akarudi na bati la biskuti kwapani, na kwa kuwa hajui kuendesha gari, akanitazama. Nilisahau habari ya kula.

Wodi ilikuwa ghorofa ya pili, ndefu, madirisha yamefunguliwa yote kwa sababu ya joto. Dereva wa treni alikuwa mtu mkubwa aliyelala kama amekunjwa. Mtaalamu wa usemi alitupokea. Hakuwa zamu Jumamosi, na alipoelezwa alikaa kitini akafikiri kabla ya kujibu. Alituambia kwamba akili ya mgonjwa wake ni nzima na anaelewa kila tunachosema, kwa hiyo tusimjadili kama kiti. Alisema pia kwamba herufi humtoka zimepishana, mara nyingi bila kuunda neno lolote. Inawezekana kabisa alikusudia hivi ikatoka vile. Lakini yeye hakuwepo, na hawezi kuapa.

Mimi nikauliza kwa nini tusimuulize mwenyewe, aitikie au akatae. Alitabasamu. Alimwinamia mzee na kumuuliza kama leo ni Jumatatu, mzee akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza kama leo ni Ijumaa, mzee akakubali pia, kisha akafumba macho kwa hasira, maana alijua amekosea. Ndiyo na hapana zake zilikuwa zimechanganyika kama herufi. Picha, yule dada alisema, picha hazimdanganyi. Akitaka kitu hukinyooshea mkono kwenye picha, na hapo hajawahi kukosea.

Basi yeye na Shangazi wakapanga kazi. Dada alitoa kadi yenye picha ya samaki. Shangazi alitafuta kwenye bati herufi sita za neno hilo na kuziweka kwenye sinia. Mzee alizisogeza pole pole, jasho likimtoka juu ya mdomo. Hakuna aliyemsaidia, dada alikuwa ameinua kidole kutuonya. Alipomaliza, palikuwa na MASIKA. Dada akaweka kadi mbili pembeni, moja ya samaki na nyingine ya mvua, akamwomba aonyeshe alichoandika. Mzee aliweka kiganja juu ya samaki bila kusita. Mkewe alicheka kwa sauti ndogo, akauziba mdomo.

Kisha zikaja herufi nyingine, zile zenyewe, na mzee akaombwa aandike tena alichotaka kumwambia binti Jumamosi. Kwa neno hili hapakuwa na kadi, ikabidi Shangazi achore. Tuseme ukweli, Mungu hakumjalia kipaji hicho. Mlango aliouchora, na mtu amesimama mikono wazi, ulifanana zaidi na jokofu lililoachwa wazi. Kaburi lilieleweka. Mzee alizisogeza herufi kwa muda mrefu, na tulipozitazama, zilikuwa zimesimama vilevile kama Jumamosi: KABURI. Nilimwona yule mama akikishika kitanda.

Dada aliweka michoro miwili mbele yake. Mzee aliitazama yote miwili. Akaweka mkono wa kushoto juu ya lile jokofu, juu ya yule mtu mwenye mikono wazi, akaukandamiza pale. Kisha kwa ncha za vidole akausukuma ule mchoro mwingine mpaka ukadondoka chini.

Hakuna aliyeuokota. Dada wa usemi alisema, kwa upole uleule, kwamba sasa anaweza kuapa.

Kilichobaki kilikuwa binti. Simu ya mama hakuipokea, kwa hiyo Shangazi alipiga kwa simu ya mezani ya wodi. Alijitambulisha kuwa ni Shangazi wa Maneno, na kwa jinsi alivyonyamaza akasikiliza, nilikisia anaulizwa ni shangazi gani mwenye sauti ya mjomba. Alieleza kwa ufupi anatoka gazeti gani. Kisha akasema maneno ambayo siyasahau, kwa sababu ni mara ya pekee nimemsikia akisema kitu bila kukizungushia utani.

“Baba yako hakusema kaburi, mwanangu. Alisema karibu, herufi zikamponyoka. Mimi ndiye niliyezivuruga, kwa hiyo nakuomba, njoo uone kwa macho yako.”

Alikuja. Hakuja kwa furaha. Aliingia na mkoba wake begani, tiketi ya basi imechomoza mfukoni, na mama yake alipotaka kumweleza alimzuia kwa mkono. Alisema ameelezwa mambo mengi maishani mwake na watu wa kati. Hakutaka kuona mchoro wala kusikia habari za samaki. Alivuta kiti, akaketi mbele ya baba yake, akazichanganya zile herufi sita mwenyewe juu ya sinia, akamsubiri.

Sijui tulikaa muda gani. Mtu wa chai alipita na toroli lake na kurudi. Mzee alisogeza, akasita, akasogeza tena, mara mbili akaanza upya, na hakuna aliyemharakisha. Alipoondoa mkono, palikuwa na KABIRU, ambalo halikuwa neno la mtu yeyote kati yetu.

Binti alilitazama. Akanyoosha kidole, akaivuta B akaiweka penye R, akaivuta R akaiweka penye B. Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa analipiga sinia kwa kiganja, taratibu, pa, pa, pa.

“Nimekaribia, baba,” alisema.

Baadaye alianza kumweleza habari za maziko, siku aliyopata taarifa, nani alimpigia na alikuwa wapi. Alieleza kuanzia mwanzo, kwa mtu ambaye safari hii hakuweza kumkatiza. Sisi tulitoka nje ya wodi. Shangazi alisimama kwenye kidirisha cha ngazi akiwa amelikumbatia bati lake, na nilipomuuliza kama yu salama, alisema anafikiria mafagio. Sikumwelewa wakati huo. Basi la jioni liliondoka na kiti kimoja kitupu.

Kuanzia wiki ile, safu ilibadilika. Shangazi aliomba viboksi vichapishwe vikubwa ili mkono mmoja uvishike, na fundi wa kompyuta alivipanga vizuri kabisa. Pia aliomba kila fumbo lenye majibu mawili litaje hivyo waziwazi. Na kila Jumatano mchana, kwa ruhusa ya wahariri wakuu wanne waliopokezana kiti, alikwenda wodini na bati lake kufanya kazi chini ya maelekezo ya yule dada wa usemi. Alituambia kwamba kule alijifunza ambacho gazeti halikuwahi kumfundisha, yaani kusubiri. Sisi hulipenda jibu la haraka. Kule mtu anaweza kutumia alasiri nzima kuliendea neno maji, na akilifikia, kila mtu wodini analijua kuwa ni maji na anakunywa.

Dereva wa treni alirudi nyumbani kwa fimbo. Maneno yalimrudia machache, mengine yakiwa na miguu juu, lakini ya kumtosha kununua gazeti na kumgombeza jirani. Aliishi miaka kadhaa, na majibu yake ya Jumamosi yaliletwa kwa mwandiko wa binti, ambaye alihamia kazi ya karibu. Alipofariki, binti huyo alikuja mapokezi mwenyewe kutuletea habari, kabla ya kuiandikia tangazo. Alisema hakutaka Shangazi aletewe habari hiyo kama prufu.

Tuzo zipo. Ukuta wa ngazi una cheti cha safu bora, na kingine cha utumishi uliotukuka, ambamo jina lake limekosewa herufi moja. Shangazi amekataa kirekebishwe. Amewafundisha kazi wasoma prufu wasiopungua kumi, wawili wao sasa ni wahariri. Safu inabaki mikononi mwa mwenzetu wa dawati la utamaduni, mwanamke kweli safari hii, mwenye kicheko cha kufungua madirisha. Bati la biskuti ameachiwa, ingawa nimemwona Shangazi akihesabu herufi asije akakuta pungufu.

Jumatano iliyopita nilimpeleka wodini kwa mara ya mwisho kama mfanyakazi. Mwenyewe anasema ataendelea kwenda, na safari hii kwa basi. Wagonjwa wanne, kwa msaada wa dada wa usemi, ambaye naye nywele zimeanza kuwa na mvi, walikuwa wamemwandalia neno juu ya meza. Kila mmoja alikuwa ameweka herufi zake. Palisomeka ASATNE. Muuguzi mgeni alinyoosha mkono kulisahihisha, na Shangazi akamzuia. Aliinama, akalisoma taratibu kama anavyosoma kila kitu, herufi moja baada ya nyingine. Akawatazama wote wanne.

“Nami nawashukuru,” alisema.

Kwa niaba ya chumba cha habari, wachapaji, walinzi, madereva na mama wa chai, nasi tunakushukuru, Shangazi. Mshonaji atuwie radhi kwa Jumamosi zote tulizomnyima mumewe. Nenda ukalale mpaka jua likuchoke, ukacheze na wajukuu sakafuni, na mlango wetu usiupite bila kubisha. Tunakutakia maisha mema, marefu, yenye afya, na maswali mengi yasiyo na haraka ya kujibiwa.